Kugonga Trekta la Kijani

Pu. Ndivyo lilivyolia. Mlio mfupi, kama umepiga gunia la mtama. Nilikuwa nimechuchumaa kwenye yadi ya mashine za mitumba, kando ya barabara ya kwenda Chamwino, nikigonga kwa kifundo cha kidole cha kati bati la trekta dogo la kijani la kukatia nyasi. Ni muda sasa, lakini mpaka leo nikigonga kitu chochote, ndoo, mlango, hata kichwa changu mwenyewe, kwanza nasikiliza kama ile pu imo.

Mambo ya kugonga nilifunzwa na bibi aliyenilea, kijijini kwetu Busi. Kwetu chungu hakinunuliwi kwa macho. Unakiweka juu ya kiganja cha kushoto, unakigonga, unasogeza sikio. Kizima kinalia ngong, na mlio unakaa kidogo kabla ya kuondoka. Chenye ufa kinasema pu, basi. Hapo ndipo adabu inapoanza, maana husemi neno. Ukitamka mbele ya watu kwamba chungu kina ufa, umemharibia mfinyanzi siku yake ya mnada, pengine na jina lake. Unakirudisha chini taratibu, unahama, unakwenda kusimama mbele ya kingine. Mfinyanzi amekuona na ameelewa. Ukishaondoka atakitoa mwenyewe kwenye safu, akakitumie nyumbani kuwekea majivu. Bibi alinipiga kofi moja tu maisha yake yote, na ni siku niliyosema kwa sauti, pale mnadani, "Bibi, hiki kimepasuka."

Kofi lile lilinikaa kuliko masomo yote. Na masomo yenyewe niliishia kidato cha pili.

Baadaye nikaja Nzuguni kufanya kazi kwa mama mmoja mstaafu. Alikuwa mtumishi wa serikali, wakahamia Dodoma na mume wake ofisi zilipohamia. Mumewe alinunua viwanja vitatu vilivyopakana, akajenga nyumba kwenye kona, na eneo lote lililobaki akapanda ukoka. Alipanda kwa mkono, shina kwa shina, wakati majirani wakipita nje wanacheka, wanamuuliza kama nyasi hizo atazikamua maziwa. Alipofariki ukoka ulikuwa umefunika ardhi yote mpaka ukutani. Mama alikuwa na kiti chake barazani, na asubuhi hakuangalia kitu kingine. Mimi nilikuja kusaidia kupika, lakini baada ya mwezi nilikuwa zaidi nje kuliko jikoni, na sikutaka kurudi ndani.

Shida ilikuwa mvua. Kiangazi nyasi za Dodoma zinalala zenyewe, unazimwagia maji ya kisima zisife, basi. Lakini mvua zikishika, ukoka unaota kama umesikia habari njema. Nilikuwa nafyeka kwa fyekeo, halafu tukapata mashine ya kusukuma, nayo nikiisukuma mpaka kona ya mwisho, kona ya kwanza imeshanifika kwenye vifundo vya miguu. Ile mashine ikafa, katikati ya Januari, kwa kelele na moshi.

Mtoto wa kiume wa mama, ambaye mimi namwita kaka, anaishi Dar es Salaam. Alikuja na treni ya Jumamosi, akatembea eneo lote mikono nyuma. Akasema Dodoma hii ya vumbi mama yake anafuga nyasi utadhani mbuzi. Alitaka patandikwe vitofali vya pevingi, mama apumzike, asihangaike na mashine wala watu. Hao watu, nilipohesabu, nilikuwa mimi peke yangu. Mama alikataa. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho kaka akasema sawa, nunueni trekta la bustani, lakini liwe la kudumu. Likifia njiani kabla mvua hazijaisha, naleta mafundi. Na ili ijulikane hatanii, alipigilia vigingi vinne vya chuma kwenye pembe za ukoka, akafunga kamba, akapima. Kamba aliondoka nayo. Vigingi akaviacha.

Kila nilipofua nilikuwa naviona.

Mama aliniambia, "Mwanangu, mimi mashine sizijui, na macho yangu ndiyo haya. Wewe ndiye utakayelipanda. Utanisaidia kuchagua."

Nisidanganye, nilifurahi kwanza. Usukani! Nilishajiona nimekaa juu na kofia pana kama mgeni rasmi, nikipunga mkono kwa kuku. Mimi ni mtu wa ndoto, bibi alikuwa akisema nikitumwa maji nafika kisimani nimeshajenga ghorofa. Furaha ilidumu mpaka nilipokwenda kulala. Nikawaza, nikichagua vibaya, mama anapoteza ukoka wa mumewe, na mimi nafunga mizigo.

Nikaenda kumwuliza mtunza bustani wa ofisi moja huko mjini, mtu mzima mpole anayekata nyasi kwa trekta miaka yote. Nikamwamkia, akaniitikia, akaniketisha kwenye ndoo. Aliniambia nisiangalie rangi wala kiti. Niangalie deki, lile sinia kubwa la chuma linalofunika visu chini ya tumbo la trekta, maana deki ikioza trekta limekwisha hata kama injini inaimba. Niangalie ekseli ya mbele isiwe bati lililokunjwa tu. Niulize mkanda wa visu unapatikana wapi, na kichujio cha hewa, kwa sababu vumbi la Dodoma linaua injini kuliko uzee. Na mbigili je? Akacheka. Akasema mbigili hazimwogopi mtu, nitie dawa ya pancha kwenye tairi zote nne nisubiri miujiza. Niliandika yote nyuma ya karatasi ya kalenda.

Jumanne tukaenda yadini. Mwenye yadi alikuwa mzee wa huku huku kwetu, nilimjua kwa lafudhi, amekaa juu ya dumu, mswaki wa mti mdomoni. Shikamoo, marahaba, karibuni. Alikuwa na matrekta ya bustani matatu. La kwanza jekundu, jepesi, ekseli yake ya mbele ni bati lililokunjwa kabisa kama nilivyoambiwa, nikalipita. La pili lilikuwa la kijani, limepakwa rangi upya linang'aa. La tatu la bluu, au lilikuwa bluu zamani, rangi imebanduka, kiti kimechanika kimefungwa mpira wa baiskeli.

Mama akalisogelea la kijani. Akalishika usukani, akaupapasa. Akasema kwa sauti ndogo kwamba pikapu ya kwanza ya baba wa watoto ilikuwa rangi hii hii. Mimi moyo ukaniambia hapo tumefika, lisome vizuri hili. Nikachuchumaa. Ekseli nzito. Mkanda mpya. Nikaanza kuigonga deki kuanzia kushoto, ngong, ngong, ngong, nikawa nafurahi, mpaka nilipofika pembe ya kulia karibu na gurudumu la nyuma.

Pu.

Nikarudia. Pu. Kiganja kizima cha bati kilikuwa hakina sauti. Rangi juu yake ilikuwa laini kuliko pengine pote.

Nikaondoa mkono. Nikasimama, sikusema kitu, nikahama taratibu nikaenda kwenye lile la bluu. Nikaligonga, likalia mpaka kuku aliyekuwa amelala chini yake akatoka mbio. Nikaweka kiganja juu ya boneti nikainamisha macho. Kichwani mwangu nilikuwa nimeshapiga kelele. Nilikuwa nimesema kila kitu.

Mama akaniuliza, "Unaonaje, mwanangu?"

Sikujibu. Nilibaki pale pale, mkono kwenye bluu.

Akacheka, akamgeukia mzee. "Kimya cha binti si ndilo jibu lenyewe. Tumelipenda hili la kijani." Akampa mkono.

Mzee alinitazama mimi. Akamtazama mama. Halafu akaupokea ule mkono. Walikubaliana vijana wake wamwage oili, waweke mpya, walilete Nzuguni Jumamosi. Kaka naye angekuja Jumamosi hiyo hiyo kuliona.

Njiani mama aliongea mpaka tukafika. Mimi nilikuwa nimeshika karatasi ya kalenda mpaka imelowa jasho.

Jumatano sikula mchana. Mama alikuwa akifungua banda la gari la mumewe, akitoa makopo ya rangi na magodoro, apate mahali pa kuliweka. Alikuwa anaimba. Mimi nampokea vitu, nasema moyoni, nikimaliza kubeba hili kopo ninamwambia. Kopo linakwisha, nakuta lingine. Jirani mmoja akachungulia getini akauliza kama kweli tunaleta trekta, tutalima na alizeti? Mama akamjibu tutakulimia na kwako, andaa mbegu. Alivyocheka! Nikaona siwezi kumwambia mtu anayecheka hivyo.

Halafu likanijia wazo baya zaidi. Chini ya deki hujaa nyasi zilizokatwa, zinashikana na udongo, zinakauka kama dongo. Je, kama pu ile ni uchafu tu? Alhamisi nilichukua sufuria kuukuu, nikaligonga, likalia vizuri. Nikalipaka udongo kwa ndani, nikalianika juani mpaka likakauka, nikaligonga tena. Pu. Ile ile.

Nilikaa chini pale uani na sufuria langu la matope. Kwa hiyo sikujua kitu. Siku ile nisingepoteza chochote kupitisha mkono kwa chini, lakini nilikuwa nimeshasikia, nikaona sikio linatosha. Nikisema, halafu ikawa ni uchafu, nimemwita mzee wa watu tapeli na nimemnyang'anya mama rangi ya pikapu. Nisiposema, halafu ikawa ni puti, ule unga wa mafundi wa magari wa kuzibia kutu, jiwe la kwanza litakalorushwa na visu litatokea pale. Kisha deki nzima. Kisha vitofali. Na mimi ni nani, wa kidato cha pili, nibishane na rangi mpya? Nilimwona bibi yangu amesimama na kiganja wazi, nikajua kofi lingekuja upande wowote nitakaogeukia.

Mama alipita akaliona sufuria. Akaniuliza ninapika nini. Nikasema nalisafisha.

Mvua ilikuwa imekatika siku kadhaa, na Ijumaa asubuhi tulikuwa tunamwagilia, yeye kwenye kiti chake barazani, mimi na mpira. Maji yalipofika kwenye kigingi cha pembeni yakagawanyika yakapita huku na huku. Sijui kwa nini hilo ndilo lililonishinda. Nikafunga bomba. Nikapiga magoti mbele yake, maana kusimama nilishindwa, nikamweleza: pembe ya kulia, ile sauti, vyungu, sufuria, vyote kwa pamoja bila mpangilio. Nikamwambia pia huenda nimekosea.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kwa nini hukusema pale pale?"

"Nilisema, mama. Nilinyamaza nikahama."

Akanitazama kama nimemwonyesha hesabu ngumu. Akasema yeye amekaa ofisini maisha yake yote, na kikaoni mtu akinyamaza wanaandika amekubali. Kwao pia, binti akiulizwa habari ya posa akanyamaza, watu wanaanza kupika. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza, yangekwisha. Alisimama kwa kushika magoti, akasema nimletee mtandio, tunakwenda.

Tulipofika, trekta la kijani lilikuwa limeshasogezwa mbele, limefutwa vumbi, tayari kwa safari. Mzee akatukaribisha. Mama hakuzunguka. Akasema, "Mzee wangu, binti yangu ana neno."

Neno lenyewe halikutaka kutoka. Nilichuchumaa nikagonga, ngong, ngong, nikafika pembeni, pu, nikamtazama mzee. Vijana wake wawili walikuwa wameacha kazi wanasikiliza. Nikasema, na sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto, "Babu, hapa hapalii. Naogopa pameoza."

Kwa mara ya pili maishani mwangu nilikuwa nimekisema chungu hadharani. Nilifumba macho. Kweli nilifumba.

Mzee alitoa mswaki mdomoni. Akamwomba kijana mmoja bisibisi, akanipa mimi. "Choma mwenyewe," akasema.

Nikapitisha bisibisi kwa chini, nikachokoa. Likadondoka pande la nyasi kavu na udongo, kubwa kama kiganja. Kijana mmoja akacheka puani. Nikaona ni uchafu tu, nimekwisha, nimemdhalilisha mzee na mama yangu yuko hapa. Nikagonga tena, kwa sababu mkono ulikuwa hauna kazi nyingine. Pu. Nikachoma tena, pale pale, kwa nguvu kidogo, na bisibisi ikaingia bila kuzuiliwa. Upande wa juu rangi ya kijani ikapasuka, puti ikamomonyoka vipande vipande kama ugali uliolala. Nilipoitoa bisibisi niliona changarawe za yadi kupitia kwenye deki.

Hakuna aliyecheka.

Mama akamwuliza mzee kama alijua. Mzee akasema, taratibu, kwamba yeye alilinunua limeshapakwa rangi. "Lakini Jumanne nilimwona binti alivyohama. Mimi ni mtu wa huku, nilielewa. Nikasema nitamsubiri arudi."

"Na asingerudi?"

Mzee akaichukua bisibisi mkononi mwangu, akaanza kuifuta. Aliifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyochafuka. Mama naye hakurudia swali.

Tukachukua la bluu. Safari hii nilipitisha mkono chini kote, nikachokoa kila pembe, nikauliza mkanda, nikauliza kichujio, nikasoma karatasi yangu yote kwa sauti bila aibu, mzee akijibu moja moja. Chuma kilikuwa kizima. Kilikuwa na mabonde, lakini kizima. Mama aliligusa kiti kilichochanika, akasema linafanana naye, magoti mabovu tu ndiyo halina. Lakini kabla ya kupanda bajaji aligeuka kuliangalia la kijani, nami nikaangalia pembeni.

Jumamosi likaletwa, na kaka akafika. Alilizunguka mara mbili. Alikuwa anajaribu kutocheka mbele ya mama yake, akashindwa.

"Mmenunua chuma chakavu," akasema. "Hili likimaliza mvua za mwaka huu, mimi mwenyewe nitalisukuma kwa mkono mpaka Chamwino."

Mama akamwambia aanze kutafuta viatu. Lakini alisema bila kuniangalia, na usiku ule sikusikia akiimba. Kaka akasema kesho asubuhi, kabla ya treni yake, anataka kuona likikata. Eneo lote, siyo upande mmoja wa kumwonyeshea. Mama akanikabidhi ufunguo. Ulikuwa mdogo, hauna hata pete, nikaufunga kwenye pindo la kanga.

Niliamka ndege wanaanza kulia. Nyumba ilikuwa kimya. Nilikuwa nawaza kitu kimoja tu, jiwe. Katika ukoka mrefu hulioni jiwe mpaka kisu kilione kwanza. Nikavua ndala, nikaanza kutembea peku kutoka ukutani hadi barazani, nikageuka, nikarudi hatua moja pembeni, kama trekta litakavyopita, nikizisoma nyasi kwa nyayo. Umande ulikuwa wa baridi. Mbigili tatu zilinipata, nikazing'oa nikaendelea. Mawe nilikuwa nayatia kwenye kanga. Nilitembea hivyo mpaka kanga ikawa nzito na pindo lenye ufunguo likanigonga paja.

Kisha unyayo ukakanyaga chuma. Kigingi cha kwanza cha kaka, kichwa chake kimezama kwenye nyasi, na kwa mwanga ule hakionekani kabisa. Kisu kingekikuta kwa nguvu zote.

Nilitazama dirisha la chumba alicholala. Pazia lilikuwa limefungwa. Ningeweza kugonga nikaomba ruhusa. Niliinama nikakishika kwa mikono miwili, nikakitikisa kushoto na kulia mpaka udongo ulioloa ukakiachia, nikakitoa. Kiliacha shimo dogo, jembamba, refu. Nikachota udongo nikalijaza, nikalishindilia kwa kisigino. Nikaelekea cha pili.